Jiko Jipya, Mpishi Yule Yule

Sisi tuliosoma kwake tulimwita Maalim, ingawa hakuwahi kutufundisha hata sura moja. Alifundisha kuandika programu za kompyuta, pale Kipawa, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la familia yake. Jina alilipata kwa jinsi alivyofundisha. Aliyesoma chuo cha Kurani utotoni ataelewa nikisema kwamba kwa Maalim hugusi kibodi mpaka umesoma, na kusoma kwenyewe ni kwa sauti, darasa zima, mstari kwa mstari, pamoja na alama zake zote. "Fungua mabano," tuliimba. "Funga mabano. Nukta mkato." Wateja waliokuja kununua vitambaa vya madera walichungulia wakidhani kuna hitima.

Yeye alikaa mbele yetu, kompyuta kaipa mgongo, uso kauelekeza mlangoni, macho nusu yamefumba. Mmoja wetu akiruka alama, hata awe amejificha ndani ya sauti za wenzake, Maalim aliinua kidole. "Kuna mtu kala nukta. Rudia hapo." Na tulirudia. Hiyo "rudia hapo" yake tuliiga mpaka tukaichosha. Tulikuwa tunaambiana hata kwenye foleni ya chipsi.

Tulimsema sana. Wenzetu waliosoma mjini walikuwa na vyumba vyenye kiyoyozi, mwalimu anaonyesha ukutani, mwanafunzi anafuata kimya kimya. Sisi tulikuwa na makoo yetu. Mimi nilikuwa bingwa wa kusema kwamba mzee huyu dunia imemwacha kituoni. Leo nina kazi nzuri ya kuandika programu, nina kiti kinachozunguka, na bado nikisoma kazi yangu midomo inatembea yenyewe. Ofisini wananiita ustadhati.

Kipawa ni jirani wa uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu ya mabati, humsikii hata aliyekaa kando yako. Mwalimu mwingine angepaza sauti. Maalim aliinua mkono, darasa likakatika hapo hapo lilipofika, hata katikati ya neno, tukangoja. "Mwacheni mwenye haraka apite," alisema. Mngurumo ukiisha alishusha mkono, nasi tukaendelea tulipoachia. Mtu akiguna kwamba tunapoteza muda, alimwambia, "Kungoja nako ni kazi, mwanangu. Anayengoja vizuri hajakaa bure." Tulidhani ni maneno ya kupitishia ndege tu.

Alikuwa na adabu mpaka zikamponza. Hakuingia mahali bila hodi, hata katika darasa lake mwenyewe. Alisimama mlangoni akingoja tumkaribishe, na sisi kwa utundu tulichelewa makusudi. Siku moja alipigiwa simu na mtu aliyekosea namba. Waliagana baada ya kuulizana hali za watoto, na Maalim akamwombea dua mama wa yule bwana, aliyekuwa akiumwa miguu. Wachuuzi wa barabarani walimjua. Kwa kuwa hawezi kumwambia mtu "sitaki", nyumba yake ilikuwa na vichujio vya chai vya kutosha mtaa mzima.

Lakini mtu huyohuyo, mpole kwa kila aliyeumbwa, ukimtajia toleo jipya la programu yoyote aligeuka mbogo. "Kila mwaka wanahamisha mlango," alisema, "halafu wanakushangaa kwa nini umegonga ukuta." Kompaila yake ilikuwa ni ile ile tangu tunamfahamu. Kompaila, kwa asiyejua, ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza yawe amri ambazo mashine inazielewa. Ile ya Maalim ilikuwa kwenye CD, na CD ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, na kopo lilikuwa kabatini kati ya kanga za mkewe, kwa hiyo kompaila ilinukia udi.

Mkewe, Mama Salma, alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi nyingi za Kipawa na Vingunguti zimekula pilau ya mkono wake. Alfajiri alikwenda mwenyewe machinjioni Vingunguti kuchagua nyama, kwa sababu kwenye nyama hakumwamini mwanamume yeyote, na mumewe hakumwamini kwa chochote isipokuwa kompyuta. Waliishi kwa kutaniana. Akimwona Maalim kapeleka uso karibu na kioo cha kompyuta mpaka pua inagusa, alimuuliza unafanya nini huko.

"Nanusa," Maalim alijibu. "Nataka kujua kama inaungua."

Nasi tulicheka. Alinusa kila kitu siku hizo: kibodi, karatasi, noti, ujumbe wa simu. Miwani hakuitaka. Alikuwa mtanashati, ndevu anazipaka hina kila Alhamisi, kanzu imenyooka, na alisema miwani humzeesha mtu. Tulilihesabu hilo katika orodha ya majivuno yake na kusonga mbele.

Kitu chake kikubwa mtaani hakikuwa darasa. Kilikuwa kisanduku cha kisima. Uani mwa msikiti kuna kisima cha mtaa, na maji yake yanapanda polepole. Pampu ikivuta mfululizo inayamaliza, inaanza kunyonya hewa, na inaungua. Lazima ivute, ipumzike, maji yapande, ivute tena. Maalim alitengeneza kisanduku cha kuiongoza, kina chipu ndogo ndani na taa ya kijani juu inayowaka pampu ikifanya kazi, akakiandikia programu kwa mkono wake. Sehemu ya kupumzika aliiandika kizamani kabisa. Aliiambia chipu ihesabu kuanzia sifuri mpaka idadi kubwa sana bila kufanya lolote, na ikimaliza kuhesabu ndipo iwashe. Nilimwambia siku hizi tunatumia saa iliyomo ndani ya chipu yenyewe, ndiyo njia safi.

"Hii imekukosea nini?" aliniuliza.

Haikuwa imenikosea kitu. Miaka yote hiyo mtaa ulikunywa maji ya hesabu ile. Watu walimwambia "Maalim, Mungu akuweke" wakiwa na ndoo kichwani, naye akainamisha kichwa kama bwana harusi. Alichokihofia ni kimoja, na alikisema wazi: kuja kuambiwa akae pembeni apumzike. Binti yake Salma, aliyeolewa Boko, alikuwa amekwisha kumwandalia chumba huko. "Boko kuna nini?" Maalim alilalamika. "Hakuna hata ndege."

Mwaka jana kompyuta yake ya zamani ilizimika na haikuwaka tena. Salma akamletea laptop mpya, nyembamba, isiyo na pa kuingizia CD, yenye mazingira mapya ya kuandikia programu. Yaani ile programu unayoifungua ili uandike ndani yake, ikakupaka rangi maneno na kukuonyesha makosa. Tulitarajia vita. Badala yake aliipenda, kwa sababu herufi zake zinakuzwa kadiri utakavyo. Alizikuza mpaka zikawa kama za bango la mkutano wa hadhara. "Ni kwa ajili ya wageni," alisema. "Wakija wasome vizuri." Wageni gani, sikuuliza.

Basi laptop ile kila asubuhi ilileta kijisanduku: sijaona kompaila humu, je, niweke mpya? Chini yake pana "Ndiyo" na "Siyo sasa". Maalim alibonyeza "Siyo sasa", na kesho yake ikauliza tena kwa maneno yaleyale. Mtu mwingine yeyote duniani angebonyeza hivyo mpaka kiama, moyo ukiwa baridi. Yeye hakuweza.

"Inapiga hodi kila asubuhi," alinieleza baadaye, "kwa adabu, haijawahi kupaza sauti. Utamwambia mtu siyo sasa mpaka lini? Wallahi niliona haya. Siku hiyo nikasema, haya, karibu."

Hivyo ndivyo adui wa matoleo mapya alivyoifungulia mlango kompaila mpya kabisa, kwa sababu iliomba vizuri. Wiki ya Idi akabadili kitu kidogo tu katika programu ya kisanduku, akaigeuza kwa kompaila hiyo, akairudisha kisimani. Kompaila mpya ni hodari. Ikakuta hesabu ndefu isiyozaa kitu, ikaona haina faida, ikaifuta. Pampu ikavuta bila kupumzika, ikanyonya hewa, moshi ukatoka. Mtaa ukala Idi kwa maji ya kununua kwenye bajaji.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu wangemtukana. Mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuja na heshima zake zote, akanywa kahawa, akasema pampu nyingine imepatikana, ila kisanduku watanunua cha dukani, "ili Maalim na yeye apumzike." Maalim akaomba aachiwe mpaka Ijumaa arekebishe. Mwenyekiti akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali kwa sababu ya kahawa. Akaongeza kuwa kiangazi kimekipunguza nguvu kisima, na pampu sasa itahitaji kupumzika zaidi ya zamani.

Mama Salma akanipigia simu ofisini. "Njoo, mwanangu. Maalim wako kanyamaza. Hina hapaki, ubishi haleti. Mie nikimwambia neno anasema sawa. Sawa! Mwanamume huyu hajawahi kuniambia sawa tangu anioe. Naogopa."

Nilikwenda Alhamisi alasiri. Nilibeba kifaa cha kusomea CD nilichoazima kazini, bila kujua hasa nitakifanyia nini. Mlangoni nikapiga hodi, nikangoja nikaribishwe, kama yeye.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona au umekuja kunizika?"

Nikafarijika kidogo. Nilimweleza kilichotokea kwa ile hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndevu zimechanganyika nyeupe na hina iliyopauka.

"Kwa hiyo haikukosea kusoma," alisema.

"Haikukosea. Iliona haina faida, ikaifuta."

"Iliona haina faida," alirudia, na sikuipenda sauti yake.

Nikamwambia tuandike upya sehemu ile kwa kutumia saa ya chipu. Akasema kesho ni Ijumaa, na programu aliyoiandika mwenyewe anaijua kwa moyo, hawezi kuanza kujuana na nyingine leo. Nikasema basi tutafute kompyuta ya zamani, turudi kwenye mambo yetu yote ya zamani. Akasema, na zile herufi ndogo kama chawa? Hazitaki tena. Ubishi ukarudi, kila mmoja kavuta upande wake. Mama Salma alikuwa ukumbini anachagua mchele kwenye ungo, akatusikiliza mpaka akachoka.

"Nyie watu vipi?" alisema. "Mie nikialikwa kupika ukumbi wa kisasa, wananipa jiko lao la gesi, linang'aa, limepangwa. Nalipokea. Lakini mpishi si mie? Nani kasema ukipewa jiko lazima uchukue na mpishi wao?"

Maalim akanigeukia. "Inawezekana?"

Inawezekana. Ndani ya mipangilio ya yale mazingira mapya pana mahali pa kuyaambia yatumie kompaila gani, na hayalazimishi iwe ya kwao. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Kazini kila mtu ana kila kitu kipya, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuhitaji kulikumbuka, mimi nikiwa wa kwanza.

Kopo la biskuti likatolewa kabatini. CD ikasomwa, chumba kikanukia udi. Nikaiweka kompaila ya zamani ndani ya laptop mpya, nikayaelekeza mazingira kwake. Hayakufurahi. Yakatoa onyo la njano.

"Inasemaje?" Maalim aliuliza.

"Inasema kompaila hii ni ya zamani sana."

"Imejua kwamba ni mzee, na haijamwamkia?" Akatikisa kichwa. "Jiko zuri, ila malezi hakuna."

Mama Salma akacheka mpaka mchele ukamwagika. Nami nikacheka, na moyo ukanitulia, maana huyo ndiye Maalim niliyemfahamu.

Nikampisha kwenye kiti. Idadi ya kuhesabu ilibidi iongezwe ili pampu ipumzike zaidi, na hiyo ni kazi yake, sikuthubutu kuigusa. Akapeleka uso kwenye kioo mpaka pua ikagusa. Neno moja lilijaza upana wote wa kioo, herufi nene kama vidole vyangu.

"Inaungua?" nilimtania.

Vidole vyake vilitembea juu ya kibodi polepole, vikipapasa, vikiandika tarakimu mpya. Kisha akafanya jambo ambalo nimelikumbuka kila siku tangu siku hiyo. Akakigeuza kiti. Kompyuta akaipa mgongo, uso akauelekeza mlangoni, macho akayafumba nusu.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Mwanzo kwa aibu, halafu kwa sauti ya darasani, pamoja na alama zake zote. Fungua mabano, funga mabano, nukta mkato. Nilipofika kwenye ile idadi mpya nikaisoma tarakimu kwa tarakimu. Kidole kikainuka.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Sifuri moja imekimbia. Mkono wangu umeiruka. Iongeze."

Nikaiongeza, na vidole vyangu vikabaki juu ya kibodi. Niliiona ile sifuri inayokosekana baada ya yeye kuisikia, na mimi ndiye mwenye macho.

"Maalim," nilisema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini? Soma."

Mama Salma, akiwa anaokota mchele wake, akajibu kwa niaba yake. "Tangu nyie hamjajua kufunga mabano."

Kumbe miaka yote ile tuliyojiona tunakaririshwa kizamani, sisi ndio tulikuwa macho yake. Hakuwa na namna nyingine ya kuona kazi zetu ila kuzisikia. Alikuwa ameogopa kwamba akisema, duka litafunga darasa, kamati itachukua kisanduku, na Salma atakuja na gari kutoka Boko. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, na juu ya yote nilimpenda mno, yote hayo nikiwa na mstari mzima mbele yangu ambao haujasomwa. Basi nikaendelea kusoma mpaka mwisho. Alisema tu, "Nukta uliyomalizia umeimeza, lakini nimeisikia."

Ijumaa baada ya swala tulikwenda kisimani, mkono wake begani kwangu. Alikuwa amepaka hina. Mwenyekiti alisimama na ndoo yake tupu, na nyuma yake watu na ndoo zao. Nikafunga kisanduku, nikawasha. Kimya. Programu ya Maalim huanza kwa kupumzika kwanza, hilo nilijua.

"Mbona haiwaki?" mwenyekiti aliuliza.

Ndege ikaanza kunguruma upande wa uwanjani. Maalim akainua mkono, na mwenyekiti akanyamaza. Ikapita juu yetu, mabati ya msikiti yakatetemeka, mngurumo ukaenda zake kuelekea baharini. Mkono haukushuka. Nilimtazama midomo. Ilikuwa inatembea, alikuwa anahesabu pamoja na chipu. Watu walingoja, hata watoto, kwa sababu tu mzee ameinua mkono.

Akaushusha. Pampu ikakohoa, ikashika, na bomba likaanza kutapika maji.

Alibaki ameelekeza sikio kule, kichwa kimeinama kidogo. Kisha, mbele ya watu wote, bila kunusa kitu chochote, akaniambia, "Nisomee taa."

"Kijani, Maalim."

"Na mwenyekiti?"

"Anakinga ndoo."

Akainua kidole. "Rudia hapo."

Nikarudia, kwa sauti.